Mchango wa Mgonjwa Mzima

Asubuhi ile jirani yangu, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, aliingia studioni bila kubisha hodi. Aliweka chupa ya uji mezani, katikati ya picha za harusi nilizokuwa nakata, akanitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiomba. Akasema, "Pole, mutoto wangu. Mungu iko." Kisha akaenda zake. Uji niliunywa, maana ulikuwa mtamu, lakini sikuelewa kitu.

Baadaye alikuja fundi wa redio wa mlango wa pili. Akakaa, akaangalia mikono yangu, akauliza kama napata usingizi. Kijana aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho alilipa na kuongeza mkungu mdogo wa ndizi juu ya malipo. Kufikia mchana nilikuwa nimesimama mbele ya kioo ambacho wateja huchania nywele, nimetoa ulimi, najikagua. Ulimi ulikuwa ulimi tu.

Niseme nilivyojiingiza katika hili. Nina studio ndogo ya picha hapa Rumonge, kando ya ziwa, na kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kutengeneza filamu kuhusu wanaume wanaobeba mawese kwa baiskeli kutoka Minago, bidoni za manjano, yale madumu ya mafuta, zimefungwa nyuma na pembeni mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Vipande nilishachukua kwa simu, lakini upepo wa ziwani ulikuwa umekula sauti zote. Nilihitaji kamera ya maana na kinasa sauti. Bila hivyo filamu ingebaki maneno ya mdomoni, na nilishaanza kuchoka kuizungumza.

Binamu yangu anayeishi Ulaya ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi kuna kurasa za mtandaoni ambako mtu anaeleza kazi anayotaka kuifanya, na watu wasiomjua wanamchangia. Nikamuuliza, wasiomjua wanamchangia kwa nini? Akasema kwa sababu wameipenda kazi. Nikauliza kama nami nitawachangia siku wakiwaoza binti zao. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hapana, watatajwa majina mwishoni mwa filamu, hiyo inawatosha.

Sikuridhika. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa kijana, na pande zote mbili nimeona mchango wa namna moja: una harusi, una msiba, au una mgonjwa. Leo unachangiwa, kesho unachangia, na kila mtu anakumbuka. Kumchangia mtu mzima aliyeshiba, hajafiwa wala haoi, niliona ni kama kumfunga bendeji mtu asiye na kidonda. Lakini hamu haisikii. Nilimtumia binamu maelezo na picha, naye akafungua ukurasa.

Picha aliyoichagua binamu nilipigwa na rafiki yangu karibu na Minago, nimelala chali kwenye matope, nimenyoosha simu ili nichukue magurudumu kutoka chini. Kwenye ukurasa ilionekana yote, simu na baiskeli na barabara. Ila binamu alipoituma kwenye makundi ya ukoo na ya kanisa, simu za watu zilionyesha kipande cha katikati tu: mimi, macho juu, tope shavuni, na chini yake maneno ya kuomba tumchangie ndugu yetu. Ili usome zaidi ilibidi ufungue ukurasa, na kuufungua kunakula mega za intaneti. Nani apoteze mega kwa jambo ambalo ameshalielewa?

Fundi wa redio ndiye aliyenionyesha picha hiyo kwenye simu yake. Nikaangua kicheko. Ningejua nisingecheka, maana alitoka nje akawaambia watu kwamba najikaza kiume.

Basi nikaanza kueleza. Niliwaambia kuna filamu. Wakaitikia kwa vichwa, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa anayesema kesho atakwenda shambani. Niliposema siumwi, walishusha sauti. Nilipopandisha yangu, mmoja akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Nilimpigia binamu arekebishe mambo, yeye akafurahi kusikia kwamba habari imeenea. Na kwenye ukurasa wenyewe, kule kwa hao wanaopenda kazi za watu, karibu hakuna aliyetoa kitu. Nilikoomba walikuwa kimya, na hapa nisipoomba mlango ulikuwa haufungiki. Kichwa kilinizunguka mpaka nikaanza kuhisi kwamba labda kweli naumwa.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja wabebaji wenyewe. Waliegemeza baiskeli ukutani, wakaingia wamevaa mashati safi, na mkubwa wao akaniomboleza vizuri kabisa, kwa heshima, kana kwamba nimebakiza kidogo. Kisha akanipa bahasha. Wakati huohuo mama yangu aliteremka kwenye pikipiki kutoka Kigwena, na bidoni ya mawese ya michikichi yake mwenyewe. Hakusalimu. Alinishika shingo, akanivuta ukope wa chini, akaniamuru nitoe ulimi mbele ya wanaume wale wote. Nikautoa.

Pale nikaona hapana. Nilisimama nikawaeleza kuanzia mwanzo, polepole, mpaka nikawafungulia ukurasa kwa mega zangu na kuupitisha mkono kwa mkono. Safari hii walielewa.

Mkubwa wa wabebaji akauliza, "Filme? Si ulishaimaliza? Tulikuona mu barabara na telefone."

Nikasema bado, ndiyo kwanza. Nikawarudishia bahasha, wakakataa kuigusa, kwa kuwa kurudishiwa mchango ni kuambiwa kwamba umekosana na mtu. Basi nikawaomba, kama haurudi, niutumie kwa filamu, ambayo kwa vyovyote ni yao. Walitoka nje kushauriana. Niliwasikia wakibishana kwa Kirundi karibu na baiskeli. Waliporudi, mkubwa wao aliongea bila hasira.

"Pesa ya mugonjwa iko ya mugonjwa. Uiweke. Siku utagonjwa, utaikuta."

Niliumia. Sitaki kulipamba. Hawa ndio niliolala matopeni kwa ajili yao, na walikuwa tayari kunitibu ila si kuniwezesha kufanya kazi. Nilijiuliza wanampenda nani hasa, mimi au homa yangu. Na bado sikuweza kuwakasirikia, kwa sababu niliijua kanuni hiyo tangu utotoni, na kama ningekuwa upande wao ningesema hivyohivyo. Nilikaa chini. Nikafikiri nimwambie binamu aufunge ukurasa, nirudi kwenye picha za harusi, basi.

Mama alikuwa ametulia kwenye benchi ya wateja muda wote huo, ameushika mdomo wake.

"Kweli haugonjwi?" akaniuliza.

"Kweli, mama."

"Na hiyo kazi, unaitaka?"

Nikamwambia naitaka sana.

"Nirudishie bidoni yangu."

Wabebaji wakaangalia sakafu. Na mimi nilidhani ni hasira, na ilikuwa haki yake: kapanda pikipiki kutoka Kigwena, kalia njia nzima, kamkuta mwanawe mzima anabishana na watu juu ya filamu. Nikampa. Akainyanyua mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatoka nayo mpaka barabarani. Nilisikia akimwambia mtu wa pikipiki asubiri. Nikajua anaondoka.

Kisha akageuka. Alirudi hadi mlangoni, akasimama nje ya kizingiti na bidoni imemwinamisha upande mmoja, akabisha hodi, kama mgeni ambaye hajawahi kufika.

"Hodi humu. Nasikia humu iko mutu anafanya kazi. Nimemuletea muchango."

Nilitaka kusema karibu. Badala yake machozi yakanitoka mbele ya watu, na yeye amesimama tu, anangoja, hataki kuingia bila kukaribishwa.

Mkubwa wa wabebaji ndiye aliyenigusa bega.

"Umukaribishe," akasema. "Muzigo iko nzito."