Mwalimu Massoudi na Gari Lisilo na Esansi

Mwalimu Massoudi hakai. Hata akiletewa chai huinywa akitembea, akiizunguka ile Korola yake ya bluu kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Anafundisha udereva kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kartie yetu, mtaa wa Ngagara, na kwa kuwa siku hizi esansi, yaani petroli, Bujumbura ni ya kutafuta kwa tochi, anafundisha gari likiwa limezimwa. Mwanafunzi mmoja anashika usukani, wengine wanasukuma. Mimi si mwanafunzi wake, umri wangu bado, lakini babu yangu Aloys ni mwanafunzi, na zamu ya babu ya kusukuma naifanya mimi.

Zamani Massoudi alikuwa dereva wa teksi. Kwao ni Buyenzi, kwenye gereji ya babake. Nilimwuliza kwa nini aliacha teksi, akasema, "Abiria anakaa nyuma, hakuulizi kitu. Mi napenda mutu mwenye kuniuliza." Basi nikamwuliza maswali mpaka akajuta.

Wanafunzi wake walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na lugha yake. Babu yangu alifanya kazi wizarani miaka mingi akiendeshwa na dereva, kwa hiyo Massoudi alimwambia, "Bwana Direkta, naomba uidhinishe gia ya pili." Babu alikuwa akitikisa kichwa, akifikiri kidogo, kisha akiidhinisha. Kwa Valéry, kijana aliyekuwa ameahidiwa kazi ya udereva kwenye shirika moja Kinindo, ilikuwa ni masimango tu: "We Valéry, unaendesha kama umebeba mayai ya jirani." Na kwa Mama Khadidja, muuza vitenge, "Mama, kati yako na ile jiwe, acha nafasi ya robota mbili." Mama Khadidja hakuweza kukisia mita kwa macho, lakini robota mbili aliziacha barabara.

Mama Khadidja ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Mumewe alifariki akamwachia gari dogo la mizigo, na shemeji yake Khaled alitaka liuzwe, kwani gari lisilo na dereva ni chuma tu. Wazee wa familia wakaamua: akipata permi, leseni ya udereva, kwenye mtihani uliokuwa unakuja, gari ni lake. Akishindwa, Khaled anauza.

Siku moja kabla ya mtihani, Massoudi alikuja na kibidoni cha esansi. Hakusema alikitoa wapi. Akatangaza kwamba kila mtu atapata theluthi yake, sawasawa, bila upendeleo. Mama Khadidja akaanza. Massoudi alipowasha injini, yule mama akavuta miguu yote miwili juu, kama maji yameingia garini. Gari likazima. Likawashwa tena, miguu ikapanda tena. Ikawa hivyo mpaka theluthi yake ikaisha na gari halijafika popote.

Khaled alikuwa amesimama na pikipiki yake pembeni. "Shemeji," alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "usijitese. Kuna mutu wa kununua, keshokutwa anakuja."

Massoudi akazunguka gari, akazunguka tena. "Ni kosa yangu," akasema. "Nimemufundisha gari ya kimya. Hii yenye kunguruma hajawahi kuijua." Kisha akamtazama babu.

Babu akasema goti linamuuma, theluthi yake apewe Mama Khadidja. Goti halikuwa linamuuma. Asubuhi ile ile alikuwa juu ya bati akirekebisha antena.

"Na we, Valéry?"

"Apana. Mi naomba sehemu yangu. Tulilipa sawa."

"Mulilipa sawa. Lakini hamuogopi sawa."

"Nani amekuambia mi siogopi?"

Massoudi akaimimina esansi yote iliyobaki kwenye tangi.

Nilidhani sasa wataondoka. Wapi. Massoudi akawasha injini, akamwambia Mama Khadidja asiguse chochote, yeye akaketi kando yake. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi. Gari likasimama pale pale linanguruma.

"Inaungua," Valéry akasema. "Esansi yangu inaungua burebure." Alikwenda mbele, akarudi nyuma, mikono kichwani. Mimi mwenyewe vidole vilikuwa vinaniwasha, nilitaka kupenyeza mkono dirishani nizime ule ufunguo.

"Mama," Massoudi akauliza, "ile kitenge ya maua, bei gani?"

Akatajiwa bei kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye kioo cha mbele. Massoudi akatoa bei ya matusi.

"Kwa bei hiyo kanunue taulo," Mama Khadidja akasema.

"Hata taulo yako inachuja rangi."

"Yangu? Inachuja? Muulize mama yako, amevaa ya kwangu mpaka imeanza kumvaa yeye."

Sauti yake ikapanda juu ya injini. Miguu ilikuwa imeshuka, sijui ilishuka saa ngapi. Massoudi, bila kubadilisha sauti, akasema, "Mguu wa kushoto, ambreyaji chini. Gia ya kwanza. Achia polepole. Haya, na ile ya bluu je?" Wakaondoka hivyo hivyo, wakipunguziana bei, wakazunguka kiwanja mara nyingi, gari likiruka kidogo tu, mpaka esansi ikaisha upande wa mbali. Babu na mimi tukalisukuma kulirudisha. Valéry alikuwa ameshakwenda kwao.

Mama Khadidja alipata permi. Mtahini aliona midomo yake inachezacheza, akamwuliza kama anaomba dua. Akajibu, "Nauza." Jioni Khaled akaleta ufunguo wa pili wa lile gari la mizigo, akala wali, akaondoka bila maneno mengi.

Valéry alifeli. Aliondoa gari na breki ya mkono ikiwa juu, likazima, akachanganyikiwa. Kazi ya Kinindo akapewa mwingine.

Nilimwuliza Mwalimu Massoudi kama alifanya haki. Akaizunguka Korola. "Sijui, Ingrid. Niulize ingine." Halafu akaenda kwa kina Valéry, nami nyuma yake. Dada yake Valéry akatuambia hayuko, akaenda zake. Viatu vya Valéry vilikuwa pale mlangoni.

Massoudi akaanza kutembea mbele ya mlango uliofungwa, kwenda na kurudi. "Gari ikikataa kutoka," akasema kwa sauti, "usiiongezee moto. Kwanza unaangalia breki ya mukono. Halafu?"

Akafika mwisho wa ukuta, akageuka.

"Halafu?" akauuliza mlango.

"Halafu kioo," sauti ya Valéry ikatoka ndani, imejaa hasira.

"Kioo gani?"

"Mwalimu, niache."

"Kioo gani?"