Ukurasa wa Mume Wangu Uliokataa Kufungwa

Ningetaka kutunga, ningetunga kisa ambacho ndani yake mimi ni mtu mwema. Hiki kilinitokea mchana kweupe, hapa Makanyagio, Mpanda, na aliyekosa ndani yake ni mimi. Niliishia darasa la saba. Nitaeleza kama nilivyoona.

Mume wangu alikuwa na steshenari ndogo. Alitoa kopi, alichapa barua, lakini watu walimjua zaidi kwa wasifu wa marehemu. Mnaujua, ule unaosomwa msibani kabla ya kuzika: alizaliwa wapi, alioa lini, aliumwa nini, ameacha watoto wangapi. Mtu akifiwa hapa mtaani au kule Kabungu, ndugu walimletea karatasi yenye mwandiko wa haraka, yeye akaipanga vizuri ikasomeka.

Alipofariki yeye, wasifu wake niliuandika mimi. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema mapema ili msinionee huruma. Mume wangu alikuwa na watoto watatu. Wawili ni wangu. Wa kwanza, Anjela, alimzaa na mwanamke wa Mwese kabla hajanioa. Hakunificha. Alikuwa akimpelekea madaftari, nami nilikuwa nanuna. Kwenye wasifu nikaandika: ameacha mjane na watoto wawili.

Anjela na mama yake walifika msibani kwa pikipiki, wamejaa vumbi. Makaburini msemaji wa familia akawaita watoto wa marehemu waweke udongo. Akataja majina mawili, kama nilivyomwandikia. Yule binti alikuwa ameshapiga hatua mbele. Akarudi nyuma. Nilimwona, nikaangalia pembeni.

Baada ya matanga nikafungua steshenari, maana kompyuta marehemu alikuwa amenifundisha kidogo. Siku ya tatu nikakuta mzee nisiyemjua amesimama ndani, shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye stuli ya wateja. Alitaka wasifu wa mtu wake.

"Marehemu anaitwa nani, baba?"

"Jina tutaweka mwisho, mwanangu. Wewe andika."

Nikaandika huku nasoma kwa sauti, kama nilivyozoea. Alizaliwa Kabungu. Sawa, wengi wamezaliwa Kabungu. Alijifunza kuchapa parokiani. Hata mume wangu alijifunzia huko. Siku ya mwisho aliomba uji, mkewe akamwambia asubiri kwanza amalize kufua.

Niaminini. Jambo hilo tulilijua wawili tu, na mmoja nilikuwa nimeshamzika.

"Ameacha watoto watatu," akasema mzee.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele, kwa nini sikukimbia. Sijui. Ninachojua ni kwamba vidole vyangu viliandika: watoto wawili. Hapo hapo programu ya kuandikia ikagoma. Nikibonyeza huku, kimya. Nikibonyeza kule, kimya.

"Imeganda, baba," nikasema bila kumtazama.

"Haijaganda. Inasubiri."

Mama Zawadi, jirani yangu anayeshona nguo barazani, akacheka. "Shoga, leo unajisomea mwenyewe humo ndani?"

"Namwandikia huyu mzee."

"Mzee yupi? Mimi na cherehani yangu tumeziba mlango tangu asubuhi. Kapita wapi, juu ya kichwa changu?"

Nikageuka. Kwenye stuli hapakuwa na mtu.

Nilitaka kuuondoa ukurasa ule haraka, mtu asiusome. Alama ya kufunga haikusikia. Nikabonyeza vile vitufe vitatu kwa pamoja, ikaja orodha ya programu zilizo wazi, nikaizima ile kwa nguvu. Ikatoweka. Sijamaliza hata kuhema, ikarudi. Nikachomoa waya ukutani. Nilipowasha tena, kabla ya kitu kingine chochote, ukurasa ule ule, na kile kimstari kinawakawaka mbele ya neno "wawili".

Nikamwita fundi, baba mmoja mwenye utani mwingi. "Mama Neema, mashine yako ina kichwa kigumu kuliko shemeji yangu," akasema. Baada ya muda utani ukamwishia. "Kwenye orodha hii programu haimo. Mashine inasema haijafunguliwa. Sasa hapa tunatazama nini?"

"Itoe tu."

"Labda nifute kila kitu, niweke upya. Lakini kazi zote za marehemu zitakwenda, na picha zake. Kuna cha kuokoa?"

Lilikuwa ni neno moja tu la kubadilisha, na nilijua. Ila kulibadilisha kulikuwa ni kukiri kwamba nilimwona yule binti akirudi nyuma. Nikasema, "Hakuna. Futa."

Akafuta. Picha za harusi yetu, sauti aliyojirekodi akiwaimbia watoto, wasifu wa marehemu wa mtaa mzima, vyote vikaenda. Kompyuta ikawaka safi, kama imetoka dukani. Na katikati yake, ukurasa ule ule.

Fundi akakusanya vifaa vyake. "Mama, hii si kazi ya fundi," akasema, akaondoka.

Nikafuta neno "wawili". Nikaandika "watatu", na jina la Anjela nikalitanguliza. Kompyuta ikauliza kama nihifadhi. Nikakubali. Ukurasa ukajifunga wenyewe, taratibu. Nimeutafuta humo mara nyingi, haupo.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Mwese. Nilimkuta Anjela anapepeta maharage. Nikapiga magoti mbele yake na mama yake, nikasema yote. Mama yake alilia. Binti hakulia.

"Niliusikia ule wasifu, mama mdogo, na makaburini sikuitwa," akasema. "Nikajua basi mimi si wake, walikuwa wananidanganya. Shuleni nimeshabadilisha jina. Natumia la babu, baba yake mama."

"Wewe ni wake, mwanangu."

"Mbona siku ile watu wote walikuwepo, na leo umekuja peke yako?"

Nilimwomba tu aje kwetu likizo, awaone wadogo zake.

Siku hizi huja kwetu likizo, anawapenda wadogo zake, ananisalimia kwa heshima. Jina la baba yake hajalirudisha. Na kompyuta ile, kila wasifu ninaochapa, hugoma pale penye idadi ya watoto mpaka niwaulize wafiwa: "Mmehesabu wote?" Wengine hukasirika. Wengine hutoka nje, wakabishana kwa sauti ya chini, wakarudi na jina jingine.

Nyie mtakaoandika wasifu wa mtu wenu, waandikeni watoto wote, hata yule anayewauma. Siku ya kuzika ndiyo siku watu wamekusanyika. Ukija kusema kweli baadaye, utaisema peke yako, mbele ya mtoto ambaye ameshaacha kukuamini.