Jiwe Lililochomoza Ukutani

Siku fundi aliyeletwa kukarabati kanisa alipomwona Bibi Ufagio kwa mara ya kwanza, mfagiaji huyo alikuwa akipangusa jiwe moja lililochomoza ukutani mwa kanisa hilo kuukuu.

"Bibi, unaliosha uso?" fundi akatania.

"Lina wenyewe hilo."

Fundi akadhani ni mzaha. Jioni akaling'oa ili ukuta unyooke, akaliponda liwe kokoto za zege ya sakafu.

Asubuhi bibi akapapasa tofali jipya pale lilipokuwa jiwe. "Liko wapi? Hapa kila nyumba ilileta jiwe lake. Mama alilibeba kichwani kutoka mtoni, mimi mgongoni."

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Akaonyesha sakafu kwa kidole.

Bibi akaokota ufagio, akasema maneno yaliyokuwa ya mwisho baina yao:

"Basi nionyeshe ulipolimwaga, mwanangu, niwe nafagia hapo taratibu."