Ruhusa ya Kumlilia Binti

Juzi jaji alipomtia hatiani mume aliyemshawishi mkewe ajiue, nje ya mahakama pale Shinyanga wanawake wa kijijini kwetu walipiga vigelegele. Mama wa marehemu, jirani yangu wa Samuye, hakushangilia. Alimshika karani mkono.

“Baba, kwa hiyo sasa naruhusiwa kumlilia?”

Kijijini kwetu aliyejiua haliliwi. Binti yule alizikwa kimyakimya, bila matanga.

Nikachemka. Nikawauliza wale wanawake, “Siku ya maziko mlikuwa wapi?”

Mmoja akafungua kanga kiunoni, akaitandika chini. “Kaa, mayu,” akamwambia yule mama. “Tumlilie.”

Wakaketi wote, wakalia. Nikavua kofia, nikaketi nyuma yao. Swali langu hakuna aliyenirudishia, na nashukuru, maana hata mimi sikwenda mazikoni.