Kibao Kilichosubiri Kuitikiwa

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga nilipoondoka kijijini kwetu Nambis kwenda chuo kusomea kompyuta. Baba alitaka nibaki na ng'ombe. Aliniambia neno moja tu: ukirudi bila cheti, usihangaike kunisalimia. Nikadhani ni hasira za siku moja. Kumbe wapi.

Mwaka wa mwisho nikajitia kimbelembele, nikachagua mradi mgumu wa kuhitimu. Ndani ya kompyuta, programu mbili zikitaka kupeana habari hupitia kwenye mfumo mkuu unaoziendesha, nao huchelewesha mambo kama karani wa wilaya. Mimi nikatengeneza kibao cha saketi cha kuzipa njia yao wenyewe. Moja iweke ujumbe pale, nyingine iuchukue, basi. Nilihangaika nacho miezi mpaka macho yakawa yananiuma.

Siku ya kukipima, kompyuta iliganda. Tukaiwasha upya, ikaganda tena. Mhadhiri akafuata mchoro wangu kwa kidole, akasimama mahali pamoja.

"Hii inayotuma inasubiri nini?"

"Inasubiri mwenzake aitikie, mwalimu. Ndipo iseme."

"Na zikianza zote mbili kwa pamoja?"

"Zitasubiriana."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Hakuna aliyenifundisha. Nimelelewa hivyo. Nikiwa mdogo, nikitumwa kwa jirani, nilisema shikamoo, kisha nikasimama uani na ujumbe wangu mpaka mzee amalize kufunga ndama ndipo aseme marahaba. Kabla ya hapo hufungui mdomo, hata nyumba ikiungua. Upumbavu huo nikaupeleka kwenye nyaya, na wala sikuuona. Najichukia mpaka leo.

Nikafeli. Nikarudi nyumbani na begi langu, kibao kikiwa ndani. Baba alikuwa zizini anazoa samadi.

"Shikamoo, baba."

Akaendelea kuzoa. Nikasimama palepale na begi begani. Alipomaliza akanipita, akaingia ndani.

Nilimsalimia kila asubuhi kwa miaka miwili, mpaka tulipomzika. Nilitaka sana kumweleza kwamba sikuwa mvivu, kwamba kilichoniangusha ni adabu aliyonifundisha yeye mwenyewe. Sikumwambia. Ningeanzaje, na hajaitikia?