Nilivyomwambia Mzee wa Ansab Anywe Kahawa

Walituita wanafunzi wa sheria. Sheria niliyosomeshwa kiangazi kizima ni hii: birika mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na usimjazie mtu mpaka juu. Basi.

Tulikuwa watatu, sote wa skuli, tumepelekwa wakati wa likizo kwenye nyumba kubwa ya mawakili kule Matrah. Siku ya kwanza mkubwa wao alitwambia kwamba mmoja wetu, atakayemridhisha, atamwandikia barua ya kumwombea ruhusa ya kusafiri, aende Kuwait akasome sheria kwelikweli. Bila ya barua kama ile hutoki Maskati hata ukiota mbawa. Siku ile ile mama alianza kunishonea mashati ya safari. Toka tulipotoka Unguja sikuwa nimemsikia akiimba kwenye cherehani.

Wenzangu wawili wamezaliwa hapa hapa. Mmoja ni mpwa wa mkubwa mwenyewe, akapewa kalamu anakili hati. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu unachekesha wageni, nikapewa birika.

Siku moja akaja mzee kutoka Ansab. Jirani yake, tajiri mmoja, ameuziba mfereji wa falaj, ambao watu hugawana maji yake kwa zamu, na mitende ya mzee inakauka. Tajiri huyo ni rafiki wa mkubwa, na hakuna asiyejua. Mzee akaeleza haja yake, akapokea kahawa, akaiweka chini, asinywe. Mkubwa akajitia anasoma karatasi. Majlis nzima, mawakili na wageni, wakawa wanakitazama kile kikombe.

Mimi kahawa nimeijua kwenye baraza za Unguja. Kwetu mtu akiweka kikombe chini, basi kinaunguza, au kahawa mbaya. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuchechemea, "Kunywa, ammi! Haina sumu, nimeipika mwenyewe."

Mzee akanikazia macho. "Wewe wanambia ninywe? Katika nyumba hii?"

"Katika nyumba hii, na ukitaka, njoo mpaka jikoni!"

Akanywa mpaka tone la mwisho. Wageni wakasema alhamdulillahi. Mkubwa akageuka rangi ya ndimu.

Nje ndipo yule mpwa, kacheka mpaka kajishika mbavu, aliponifunza: mwenye haja haigusi kahawa mpaka nyumba imkubalie. Ukimwambia kunywa, ushamkubalia, mbele ya mashahidi, na nyumba hairudi nyuma.

"Na we ulijua?"

"Kila mtu anajua, yakhe. Ila nyinyi wa Zinjibar."

Alikuwa kakaa hatua mbili kutoka kwangu. Kukohoa tu kungetosha! Wallahi nilitaka kumvisha birika kichwani.

Mkubwa akaniita chumbani kwake. "Kesho atarudi na hati zake. Utamwambia wewe ni mtoto, ulikuwa ukifanya mzaha, huna neno katika nyumba hii. Ukishamwambia, barua yako ntaitia sahihi."

"Kwani sheikh, si umwambie wewe?"

"Mimi? Aibu."

Aibu yake, niibebe mimi! Nyumba ina mawakili watano, wana vitabu vinavyofika darini, na wa kumnyima mzee maji ni mmimina kahawa. Nimewafanyia mzaha walimu, nimemfanyia mzaha mpaka imamu. Lakini sijapata kuagizwa mzaha.

Njia nzima asubuhi niliyakariri yale maneno, maana Kuwait naitaka, nisiseme uongo. Mzee akaja, hati zake kazifunga kwenye kitambaa, akakaa pale pale. Mkubwa akanitolea jicho.

"Ammi," nikasema. "Zamu yako ya maji ilikuwa siku gani?"

"Jumatatu na Alkhamisi."

Nikampokonya mpwa kalamu, nikaandika dai lake mbele ya wote.

Barua kapewa mpwa. Mimi nipo skuli, benchi lile lile. Mama kaniuliza mara moja tu: "Maneno mawili, mwanangu, yalikushinda? Wewe?" Kisha akatoka nje, na mimi nikayakunja yale mashati ya safari.

Na linaloniunguza khasa si hilo. Mkubwa ilibidi aichukue ile kesi. Sasa anasimama mbele ya kadhi anamtetea mzee, na Matrah nzima wanamsifu: mtu huyu, wanasema, akishatoa neno lake halirudishi.