Mafuta Ndani ya Mandolini

Fundi Ameir alipopiga ukelele, Joséphine alidhani kajikata na kisu. Aliruka kutoka kwenye stuli, akatafuta damu mezani, hakuiona. Mzee wa watu alikuwa amesimama vilevile, taa ya simu mkono mmoja, kioo kidogo mkono wa pili, jicho kalibandika kwenye tundu la mandolini na mdomo wazi.

"Lahaula! Dada Joséphine, nani kamwaga mafuta humu ndani?"

Sasa nyie mwelewe, mwanamke huyu si wa kushtuka ovyo. Katoka Uvira na mtoto mgongoni, kambi ya Nyarugusu kaijua, mipaka kaivuka kwa lori na kwa miguu, na huu ni mwaka wa kumi na tano anasuka nywele pale Point, mtaa wa bandarini huku kusini, ambako mteja anaweza kukutukana huku kichwa chake kiko mikononi mwako. Maneno hayambabaishi. Lakini sauti ile ilimrudisha nyuma hatua nzima.

"Ni mimi, fundi," akasema. "Ni mafuta ya mizeituni, ya maombi. Iko shida gani?"

"Ulimwaga mara moja tu?"

"Kila mwaka, tukimaliza mfungo. Miaka kumi na moja."

Ameir akakaa. Hakutazama hata anapokaa. Alilikalia boksi la vioo vya simu, likalia kwaa, naye hakujali. Chumba chake cha ufundi kiko nyuma ya duka la simu la mpwa wake, Umbilo Road, na siku nyingine angemsikitikia mpwa.

Cha kuudhi ni kwamba dakika kumi kabla ya hapo mzee alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Joséphine alikuwa amemletea mandolini kwa sababu nyuzi zilikuwa zikikwaruza na kifua cha chombo, ule ubao wa mbele wenye tundu, kilikuwa kimebonyea. Ameir alipoitoa tu kwenye kitenge, akaipapasa mgongo wake wa mviringo, akahesabu mbavu zake kwa kidole.

"Unajua umenibebea nini? Huyu Mjapani huyu! Wa Nagoya. Miaka ya sitini mwishoni, sabini mwanzoni. Kwetu Unguja, kwenye klabu ya taarabu, mwenye mandolini ya Kitaliano alikuwa akitembea kifua mbele. Acha atembee! Kule Japani wanafunzi wa vyuo wana okestra nzima za mandolini, tupu, hamna chombo kingine. Unafikiri fundi wao angethubutu kuwauzia kibuyu?"

Akamweleza kuwa wakusanyaji hawalali kwa ajili ya vyombo hivi. Wanataka rangi ya kwanza, isiyoguswa, na karatasi ya ndani yenye jina la karakana na mwaka, isomeke. Wapigaji, wao, hawana habari na karatasi. Wanataka shingo iliyonyooka na sauti inayotoka mara moja bila kubembelezwa. Mkusanyaji mmoja wa Cape Town humpigia simu kila mwezi kuuliza kama kapata moja.

Joséphine akaisogelea kuitazama upya. Yeye aliikuta inaning'inia kwenye duka la mitumba, katikati ya pasi mbovu na raketi za tenisi. Aliichukua kwa kuwa ilikuwa ndogo. Baba yake alimfundisha gitaa kule Uvira, majirani wakamcheka kwamba anamharibu mtoto wa kike, lakini gitaa la watu wazima halikukaa vizuri kwenye vidole vyake vifupi. Shingo hii nyembamba ilimkaa. Nyuzi nane, zimepangwa mbilimbili, naye ni mtu wa kushika nyuzi nyembamba kutwa nzima.

Na niseme wazi, kwa sababu hapa ndipo penye roho yake: Joséphine hajui kuomba kwa maneno. Kanisani wenzake wakipaza sauti, wakilia, wakinena kwa lugha, yeye ulimi humkauka. Mandolini ndiyo humwombea. Bila hiyo anakaa pale Jumapili nzima amekunja mikono, hajamwambia Mungu kitu.

"Haya, nieleze pole pole," Ameir alisema kutoka kwenye boksi lake. "Ulimwagaje?"

Akaeleza. Kanisani kwao chombo chochote kinapakwa mafuta kabla ya kupigwa. Mandolini ilitoka dukani kwa mitumba, imepita mikono isiyojulikana, basi mchungaji wao, Pasteur Hardy, akaiombea sana, na Pasteur Hardy si mtu wa tone moja. Alimimina mpaka tunduni. Jumapili ile ikalia vizuri ajabu. Joséphine akajiambia, kumbe siri ndiyo hii. Tangu hapo kila mwaka, mfungo ukiisha, aliimiminia mwenyewe, akaitikisa yaenee, kisha akailaza kifudifudi.

"Kifudifudi?"

"Kama mtu anaomba, fundi. Mpaka kesho yake."

Yarabi! Mzee alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Dada yangu, kwa nje kuna vanishi. Kwa ndani ubao uko uchi. Unakunywa. Wewe umeulaza kwenye mafuta miaka kumi na moja! Na mafuta na gundi hayakai nyumba moja. Vijiti vinavyoshikilia kifua kwa ndani vyote vimeachia. Nikitia gundi leo, keshokutwa inabanduka. Na ile karatasi, jina silioni, mwaka siuoni, limebaki doa."

Hasira zikampanda Joséphine, maana hofu yake hutokea kwa mlango huo. "Unataka kusema maombi ndiyo imeharibu?"

"Sisemi maombi. Nasema mafuta."

"Ifungue. Nione."

Ameir akalegeza nyuzi, akazitoa moja moja. Akachukua kile kibati chembamba cha kufungulia simu, akakipitisha pembeni mwa kifua. Alikuwa amejiandaa kwa kazi ya saa nzima. Haikufika hata nusu dakika. Ubao ulinyanyuka wenyewe, ukabaki mkononi mwake, na wote wawili wakashtuka namna ulivyokuwa hauna ubishi.

Akaugeuza.

Madoa. Mengine meusi ya zamani, mengine bado ya njano, yamepandana duara juu ya duara. Harufu ya mafuta yaliyooza ikajaa chumbani. Joséphine alisogea, akaweka kidole kwenye doa moja kubwa karibu na tundu.

"Hii ni mwaka Larissa alilazwa," alisema. Larissa ni binti yake, yule wa mgongoni. "Nilimwaga nusu chupa. Akapona." Kidole kikasogea. "Hii ya makaratasi ya ukimbizi. Na hizi tatu..."

Kidole kikabaki hapo. Madoa matatu yalikuwa mahali pamoja, meusi kupita yote.

"Hizi ni za Prodige. Mdogo wangu. Alitoka nyumbani akasema anakuja huku, hakufika. Miaka tatu nilimwombea yeye peke yake." Akamgeukia mzee. "Fundi, iko hapa. Maombi yote iko hapa. Nilizani ilipandaka juu."

Ameir, mzee anayeweza kubishana na mteja wa simu kwa lugha nne, aliuweka ubao mezani taratibu. Alikwenda kumchemshia chai, akasahau sukari, na Joséphine akainywa hivyohivyo bila kujua.

Baadaye mzee alimwonyesha mandolini nyingine juu ya kabati, ya Kijapani vilevile, ya miaka ileile, iliyoangushwa mgongo wake ukapasuka vipande. Kifua chake kilikuwa kizima na kikavu. Kinaweza kuhamishiwa huku.

"Wa Cape Town hatakutazama tena," alisema. "Kwake imekufa. Lakini kupigwa, itapigwa."

"Sauti itakuwa ile ile?"

"Itakuwa dada yake. Si yeye."

Joséphine alikubali huku machozi yakimtoka. Akamwomba kitu kimoja tu, ampe ule ubao wa zamani, akaondoka nao umefungwa kwenye kitenge.

Wiki ya tatu akairudisha mandolini kanisani, kwenye ule ukumbi wa kupanga pale Point. Pasteur Hardy aliiona akafurahi kweli, mtu mkarimu yule, akamwita mbele ya watu wote. "Chombo kimefufuka! Haleluya!" Chupa ilikuwa mkononi tayari. Kwaya ikaanza wimbo. Akainua, akamimina.

Joséphine akaziba tundu kwa kiganja.

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mafuta yalimwagika mgongoni mwa mkono wake, yakapita katikati ya vidole vyake, yakaingia kwenye mkono wa gauni la Jumapili, na yeye akazidi kukandamiza. Mama mmoja kiti cha mbele akasema "Yesu!" kwa sauti ya mtu aliyeona ajali. Hakuna aliyewahi kumzuia Pasteur Hardy kupaka mafuta, hata mtoto mchanga. Na huyu ndiye Joséphine, ambaye hawajamsikia akisema maneno kumi mfululizo ndani ya ukumbi ule.

"Dada Joséphine," Pasteur alisema, akiisimamisha chupa, "uko sawa?"

"Hapana, Pasteur." Akamkabidhi mandolini mwimbaji wa karibu, akapiga magoti, akavua kitambaa cha kichwa. Maneno yalimtoka kwa nguvu, mbele ya watu wote. "Ile uiache kavu. Unimwagie mimi. Maombi ya Prodige tunaianza upya, leo, hapa kwa kichwa yangu. Na mimi mwenyewe ndiye nitasema."